Daraja Mbili: Shati Kuukuu, Gauni Jipya

Ukifika Arusha usitazame Mlima Meru tu. Tembea hata kata ya Daraja Mbili. Katika mji huo huo, Machi 2016, wakuu wa Afrika Mashariki walipatana mitumba iondolewe pole pole. Marekani ikatishia kuwanyima nafuu ya ushuru. Rwanda ikashikilia, nguo zake zikapoteza nafuu hiyo mwaka 2018, Tanzania ikalegeza. Basi mitumba ingalipo.

Mwanafunzi wa ushonaji afanyeje? Afumue shati lililochakaa kola, ashone gauni la mtoto, amvike, ampige picha, wateja waone.

Bwana wetu alipowashibisha watu 5,000 aliagiza mabaki yakusanywe. Nawe mama, kitambaa kingali imara usikitupe. Mpe binti yako sindano.