Mgongo Wangu na Bahasha za Picha

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Magu, na mgongo unaniuma tangu nikiwa bado nashika chaki. Kwa miaka mingi niliamini picha kuliko dawa. Wanangu wakisikia baba kainama tena, safari ya Mwanza: Nyanguge, Kisesa, mpaka kwenye kituo kimoja chenye mashine. Eksirei, kisha CT-Scan, mwaka ukigeuka CT-Scan tena. Hakuna aliyenipapasa mgongo.

Majibu ya mwisho yalisema pingili zimechakaa, na kuna uvimbe kwenye figo. Uvimbe! Mke wangu alikosa usingizi, ng'ombe akauzwa, vijana wakaanza kuulizia gharama za upasuaji. Hofu ile ilinikondesha roho kuliko maumivu yenyewe.

Daktari tuliyepelekwa kwake kwa ajili ya upasuaji aliniamkia, "Shikamoo mwalimu," akaiweka bahasha pembeni. Akanilaza, akaninyanyua mguu mmoja mmoja, akanigonga magoti kwa kinyundo, akanibonyeza uti wa mgongo pingili kwa pingili. Akauliza: umepungua uzito? Homa, jasho la usiku? Miguu inakosa nguvu? Mkojo unakuponyoka? Uliwahi kuanguka, kuugua saratani au kifua kikuu? Yote hapana. "Ungejibu ndiyo hata moja," akasema, "picha ningeiagiza mwenyewe."

Ndipo akazitazama picha zangu. Kwenye figo ni kifuko cha maji tu, wengi tuliopita miaka 50 tunacho na hakitudhuru. Kuhusu pingili, alinieleza utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya picha za watu wasioumwa mgongo hata kidogo: diski za kati ya pingili zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. "Mwalimu, nikimpiga picha mzee mwenzako anayelima bila shida, nitaona haya haya." Akaongeza kwamba mionzi ya CT-Scan moja ya tumbo inaweza kuzidi ya eksirei 100 za kifua.

Nilitoka na mazoezi ya mgongo na amri ya kutembea kila asubuhi. Maumivu hayajaisha, ila shambani naingia mwenyewe. Na sasa kabla ya kipimo chochote nauliza: daktari, majibu yake yatabadilisha nini kwenye matibabu yangu? Nimewafundisha swali hilo wazee wenzangu, na naona wengi wanaogopa kuuliza, kana kwamba ni kumkosea daktari adabu. Si kumkosea.

Wala sizichukii mashine. Jirani yangu alipopinda mdomo ghafla na mkono mmoja ukalegea, wengine wakisema apumzike kwanza, mimi ndiye niliyeng'ang'ania apelekwe hospitali ya Bugando saa ile ile. Kiharusi cha damu kuganda na cha mshipa kupasuka vinafanana kwa macho, lakini dawa ya kimoja inaweza kumuua mwenye kingine, na CT-Scan ndiyo inayovitofautisha.