Ufa wa Muhuri

Mzee jirani yetu hapa Nyakahura ana sarafu ya Kijerumani ya heller 20 ya mwaka 1916, anaitunza kwenye kopo la majani ya chai pamoja na senti za Mwingereza zenye tundu. Upande mmoja ina taji, herufi D.O.A. na mwaka, upande wa pili thamani yake na herufi T ya Tabora. Aliirithi kwa babu yake, aliyebebeshwa mizigo ya jeshi wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia.

Kilichomsikitisha ni mstari mwembamba uliotoka ukingoni ukakata taji. "Mwalimu, nani aliikwaruza hivi?" aliniuliza. Alishaandaa majivu na mchanga aisugue. Nilimwomba asubiri, nikapitisha ukucha juu ya ule mstari. Ukucha haukuzama, ulipanda. Mkwaruzo huchimba, huu ulikuwa umeinuka.

"Hakuna aliyeikwaruza, babu. Imezaliwa nao."

Sarafu hufuliwa kwa kugongwa kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua. Muhuri ukipasuka, kila pigo husukuma shaba ndani ya ule ufa, na shaba hiyo hutokea kwenye sarafu kama mstari ulioinuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye sarafu, ufa wenyewe ndio unaosimama ukuta.

Na mihuri ya Tabora ilikuwa na sababu ya kupasuka. Waingereza walikuwa wameufunga mwambao kwa manowari, fedha mpya kutoka Ujerumani haziingii. Wajerumani wakafua sarafu zao katika karakana ya reli, kwa shaba nyekundu na shaba ya njano, maganda ya risasi yakiwemo. Mihuri ilichongwa kwa haraka ya vita, ndiyo maana sarafu hizo hazifanani: kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo, kuna ambazo ncha za herufi L katika neno HELLER zimepinda, na nyingine zimechongoka. Kazi hiyo ilikoma Tabora ilipotekwa na Wabelgiji Septemba 19, 1916, baada ya baadhi ya vikosi vyao kupitia kwetu Biharamulo.

Wanaozichunguza sarafu hizi huweza kujua ipi ilitangulia. Huchukua zilizotoka kwenye muhuri mmoja wakazipanga kwa ufa wake: isiyo na ufa ni ya mwanzo, yenye ufa mfupi ikafuata, na ile ambayo ufa umevuka uso mzima ni ya mwisho mwisho. Muhuri haukupumzishwa. Uliendelea kugonga huku unapasuka. Shaba ya sarafu ya mwisho haikuwa na hatia zaidi ya ile ya kwanza.

Jambo hili naliona kila ninaposahihisha madaftari. Mtoto mmoja akiandika kwamba 52 toa 17 ni 45, huenda ni papara yake tu. Lakini wakiandika hivyo nusu ya darasa, wote wametoa 2 kwenye 7 badala ya kukopa kwenye makumi, hapo hakuna mtoto wa kuchapwa. Wote wamepitia mkono mmoja uliowafundisha hivyo. Namna ya kuwasaidia ni kurudi ubaoni na kuanza upya, tena mapema, kabla darasa linalofuata halijapigwa chapa ile ile.

Hata nyumbani ni hivyo. Watoto wote wa nyumba moja wakiwa wanaogopa kusema ukweli, tunawaita waongo mmoja mmoja na kuwaadhibu mmoja mmoja. Hatuulizi ukweli uliwahi kupokelewaje katika nyumba ile. Kumwadhibu mtoto kwa alama aliyogongewa ni sawa na yale majivu na mchanga: mstari hautatoka mpaka taji nalo limefutika.

Muhuri wa Tabora haukuwa na namna ya kujiona. Mzazi, mwalimu na kiongozi wanayo, kwa sababu waliopita mikononi mwao wapo, wanaonekana kila siku. Yeyote kati yao akiona alama moja imejirudia kwa watatu, kwa wanne, mahali pale pale, aache kumtafuta aliyewakwaruza, ajitengeneze yeye kabla hajamgusa wa tano.