Mwenye Ng'ombe Aingie Uwanjani

Hapa Minnesota ninakoishi, mtoto wa 4-H anayetaka kumwonesha mtamba wake mwezi Agosti lazima awe amemsajili kufikia tarehe 15 Mei. Namba ya hereni, tarehe ya kuzaliwa, jina la anayemtunza, yote yanaandikwa. Tarehe hiyo ikishapita, huwezi kwenda kununua ng'ombe mzuri wa mtu wiki ya mwisho ukaja kushika kamba mbele ya watu. Kanuni hiyo moja ndiyo iliyonivuta nikaanza kuyafuatilia maonesho ya huku kwa makini. Mimi ni mtoto wa mfugaji wa Rungwe, nimekulia kwenye uwanja wa John Mwakangale pale Mbeya kila maonesho ya wakulima ya Nane Nane, na sijapata kusikia mtu akiuliza ng'ombe aliyefungwa bandani kalelewa na nani.

4-H ni mtandao wa vilabu vya watoto na vijana ulioanzia Ohio mwaka 1902. Herufi H nne, kwa Kiingereza, zinasimamia kichwa, moyo, mikono na afya. Mtoto huanzia kwenye maonesho ya wilaya yake. Akifanya vizuri huko, hupanda hadi maonesho ya jimbo, ambayo hufanyika karibu na St. Paul kwa siku 12 na kumalizika Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kabla ya hapo hupitia mafunzo mafupi ya utunzaji wa mifugo na maadili ya mashindano.

Kazi yenyewe iko nyumbani, zizini. Mtamba huvishwa hatamu na kufungwa kwenye nguzo kwa muda mfupi, mtoto akiwa pembeni anampiga brashi taratibu mpaka azoee mkono wa mtu. Kisha huanza kuongozwa. Akipiga hatua moja, kamba inalegezwa papo hapo, na siri yote iko hapo kwenye kulegeza. Ukiendelea kuvuta wakati ameshatii, unamfundisha kwamba kutii hakuna faida, na mnyama wa kilo 400 akishalijua hilo hakuna mtoto atakayemweza. Kwato hukatwa wiki kadhaa kabla ya maonesho, ili ikitokea kisu kimegusa nyama, kidonda kiwe kimepona na asichechemee siku yenyewe. Kwa ng'ombe anayekamuliwa, nywele za tumboni na za kwenye kiwele hunyolewa fupi ili mishipa ya maziwa ionekane, lakini za mgongoni huachwa na kuchanwa zisimame, mstari wa mgongo uonekane umenyooka. Siku ya safari hei ya nyumbani hupakiwa pamoja na ng'ombe, kwa sababu mnyama aliyebadilishiwa chakula ghafla huharisha au hugoma kula, na maziwa hupungua siku hiyo hiyo.

Uwanjani, waoneshaji wa ng'ombe wa maziwa huvaa mashati na suruali nyeupe. Mtoto hutembea polepole, mara nyingi kinyumenyume, uso kwa uso na mtamba wake, jicho moja kwa mwamuzi. Mashindano ni mawili tofauti. La kwanza linampima mnyama: miguu, mgongo, upana wa mbavu, namna kiwele kilivyoshikamana na mwili. La pili linampima mtoto: anamsimamishaje, anajua nini juu yake. Mwamuzi humwendea na kumuuliza mtamba amezaliwa lini, baba yake ni dume gani, anakula nini na kiasi gani. Mtoto mwenye ng'ombe wa kawaida anaweza kumshinda mwenye ng'ombe wa bei mbaya, na nimeshuhudia hivyo.

Kisha hufuata jambo ambalo ningelihamishia nyumbani kesho kama ningekuwa na uwezo. Mwamuzi huchukua kipaza sauti na kueleza mbele ya wote kwa nini amempanga huyu wa kwanza na yule wa pili. Husema wazi: huyu miguu ya nyuma imenyooka mno, atapata shida ya viungo akikomaa, huyu chuchu zimekaa vizuri kwa mashine ya kukamulia. Wafugaji waliokaa kwenye mabenchi husikiliza, wengine wanaandika. Kwa dakika chache uwanja mzima unafundishwa kuchagua ng'ombe, na somo liko hai mbele ya macho yao.

Kanuni nzito kuliko zote, hata hivyo, ni za magonjwa. Mwaka 2012 aina ya mafua ya nguruwe iliwapata watu 309 nchini Marekani, wengi wao wakiwa watoto waliokuwa karibu na nguruwe kwenye maonesho ya Indiana na Ohio. Tangu hapo wataalamu wanashauri nguruwe wasikae uwanjani zaidi ya saa 72, na katika maonesho mengi nguruwe wa nyama wakitoka pale huenda machinjioni moja kwa moja, hawarudi zizini. Mwaka 2015, mafua ya ndege yalipovamia mashamba, Minnesota ilipiga marufuku maonesho yote ya kuku. Mwaka 2024, virusi vya mafua ya ndege vya H5N1 vilipoonekana kwa ng'ombe wa maziwa, jimbo lilitaka kila ng'ombe anayekamuliwa apimwe na aonekane hana virusi hivyo kabla ya kufika uwanjani. Mnyama mwenye choa au kwato zinazooza hurudishwa nyumbani, hata kama mtoto analia. Ni uchungu kuutazama, lakini naunga mkono.

Fikiria sasa. Marekani haijapata ugonjwa wa miguu na midomo tangu mwaka 1929, na bado inakagua namna hii. Sisi Tanzania tunaishi nao. Tuna homa ya mapafu ya ng'ombe, tuna sotoka ya mbuzi na kondoo, tuna kideri. Tuna homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba na husafiri kwa viatu, kwa mabaki ya chakula na kwa gari lililobeba nguruwe jana. Nane Nane hufanyika tarehe 1 hadi 8 Agosti. Ni wiki nzima ya mifugo kutoka wilaya mbalimbali kuvuta hewa moja, kuguswa na mikono ile ile ya wanafunzi wanaopita banda kwa banda, kisha kila mmoja kurudi kijijini kwake. Katika maonesho fulani niliyohudhuria nikiwa likizo, niliona mbuzi wenye mafua na ndama wasio na hereni bandani mbele ya wageni, na hapakuwa na hata beseni la kunawia mikono pale mlangoni.

Sheria tunazo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ni ya mwaka 2003, na kusafirisha mifugo kunahitaji kibali. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ni ya mwaka 2010. Juni 2025 Rais Samia alizindua Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Kwa hiyo hereni sasa si kitu cha kuota. Kinachobaki ni kuidai pale getini.

Yapo pia ya huku nisiyoyatamani. Zipo familia zinazotumia fedha nyingi mno kwa vipuliza nywele, gundi za kusimamisha manyoya na ndama wa kununua kwa mnada. Wapo waliowahi kuwadunga wanyama dawa za kukuza misuli, ndiyo maana washindi hupimwa mkojo. Na kuna jambo tunalowazidi: Nane Nane ni shule ya watu wote. Mama mwenye ng'ombe mmoja wa ndani anaingia, anamuuliza mtaalamu juu ya mashudu, anapewa jibu bure, anaondoka na mbegu za malisho. Rungwe tumezijua koo bora kupitia mipango ya kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ambapo mtamba wa kwanza kuzaliwa anapewa jirani. Utamaduni wa kukabidhiana mnyama na ujuzi wake tunao tangu zamani.

Kwa majirani zetu Kenya, ng'ombe kuongozwa kwa kamba mbele ya mwamuzi na kuvishwa utepe ni jambo la kawaida kwenye maonesho ya chama chao cha kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1901. Shuleni wana vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyofufuliwa mwaka 2021. Hakuna sababu mtoto wa Tukuyu au Njombe asifanye yale yale.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri yoyote ya Nyanda za Juu Kusini ni dogo. Ifikapo Februari, toeni karatasi moja kwa Kiswahili, ibandikwe ofisi ya kijiji na kwenye duka la pembejeo. Iseme kwamba mnyama awe na hereni na kadi ya chanjo. Kama amechomwa sindano ya antibiotiki ya OTC, muda wa dawa kutoka mwilini uwe umekwisha. Bwana mifugo amkague siku ya kupakia na tena getini. Nguruwe waje kwa siku zisizozidi tatu, na wasirudi kijijini. Pawe na shindano moja tu la kuanzia, la mitamba wa maziwa wanaoongozwa na wanafunzi wa sekondari waliowatunza wenyewe tangu Aprili, na mwamuzi apewe kipaza sauti. Fedha za kupamba banda la halmashauri zikipunguzwa kidogo, zitanunua hatamu, sabuni na ndoo za kunawia, na zitalipa nauli ya wanafunzi.