Mkono Ulionyoshwa
Nilishuka stesheni ya London Bridge saa nane mchana, mvua ya rasharasha ikinyesha, nikafuata njia ya kando ya mto Thames. Sikuwahi kufika Uingereza kabla ya siku hiyo. Nilikuwa nimekuja kuangalia tamthilia moja: Measure for Measure ya Shakespeare, katika jumba la Globe.

Sikufika moja kwa moja. Katika kichochoro cha Clink bado umesimama ukuta wa jumba la Askofu wa Winchester, na juu yake dirisha la mawe la mviringo, limechongwa mfano wa ua. Sehemu hii ya Southwark ilikuwa chini ya askofu, si chini ya wakuu wa Jiji. Madanguro yake yalimwingizia kodi mpaka Mfalme Henry wa Nane alipoyafunga mwaka 1546. Globe ya kwanza ilijengwa jirani mwaka 1599, na watu wakavuka mto kuja kutazama maigizo, au dubu akipambanishwa na mbwa. Nilishindwa kuondoka pale dirishani. Kanisa lililoharamisha zinaa lilikuwa likila kodi yake.

Uani mwa Globe hakuna paa wala kiti. Nililowa, nikaegemeza viwiko kwenye ukingo wa jukwaa.

Angelo amekaimishwa utawala wa Vienna. Anafufua sheria iliyolala, anamhukumu Claudio kifo kwa kumpa mimba mchumba wake. Isabella, dada yake Claudio, anayejiandaa kuwa mtawa, anakuja kumwombea. Angelo anautaka mwili wake kwanza. Kwetu Tanzania hii tunaiita rushwa ya ngono. Desemba 1604 tamthilia hii iliigizwa katika jumba la mfalme, Isabella akiwa mvulana aliyevaa gauni. Isabella anaapa kumwanika Angelo, naye anamuuliza ni nani atakayemwamini. Mama aliyesimama kushoto kwangu alifumba macho. Mimi niliwakumbuka wasichana niliosoma nao chuo.

Mwishoni Mtawala halisi anarudi, na mbele ya watu wote anamposa Isabella. Shakespeare hakumwandikia jibu, hata neno moja. Mwigizaji wa Isabella alikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa, pindo la gauni lake limelowa chepechepe. Aliutazama ule mkono wa Mtawala ulionyoshwa. Ndege ikapita juu yetu, ngurumo yake ikafifia. Tulipoanza kupiga makofi, bado alikuwa akiutazama.