Ubao mpya, sauti zilezile

Baraka, Fizi. Mwezi uliopita kompyuta yangu ya kazi ilizimika ghafla. Ndani mlikuwa na sauti za wazee nilizorekodi vijijini, na sikuwa na nakala. Fundi wa kwanza alisema ubao mkuu umeungua; akiuweka mwingine, lazima afute yote na kuweka Windows upya. Nilikataa.

Wa pili alinituliza: “Kaka, sauti ziko kwenye diski, si kwenye ubao.” Alifunga ubao mwingine, akarudisha diski ileile. Windows ilichelewa kuwaka, ikitambua vifaa vipya, kisha ikafunguka. Ilidai leseni tu, maana hiyo hufungamana na ubao. Sauti zote zilikuwepo.

Ndugu msomaji, usikubali haraka kufutiwa. Na nakala, weka leo.