Gari limezimwa, lakini waya wa winchi haulali



Kwenye kikao chetu cha mwezi uliopita nilisimama mbele yenu nikamlaumu fundi aliyetufungia winchi kwenye jipu letu. Nilisema kidogo atuchomee watoto. Wengi mlinionea huruma, na mama mmoja akashauri tusimpelekee tena kazi. Leo ninaandika kwa sababu siku ile sikuwaambia yote.

Winchi ni ile mashine inayofungwa mbele ya jipu, yenye kamba ya chuma inayojizungusha. Gari likizama kwenye tope, unafunga kamba kwenye mti, unabonyeza, gari linajivuta lenyewe. Aliyetoka Alunguli kwenda Kalima wakati wa mvua anajua thamani yake. Zamani tulilala njiani, bidoni za mawese zikiwa juani, tukingoja vijana wa kusukuma ambao nao wanataka kulipwa. Baba watoto alipopata winchi ya kuuzwa, iliyotoka kwenye gari lingine, mimi ndiye niliyehesabu pesa.

Fundi alikuja nyumbani siku ya Jumamosi. Aliomba dola 25 zaidi. Alisema anataka kununua swichi kubwa ya kukata umeme, aifunge karibu na batri, pamoja na mpira mgumu wa kuvalisha waya. Nikamwuliza: gari likizimwa na ufunguo ukiwa mkononi mwangu, umeme utatoka wapi? Akajaribu kunieleza. Nilikuwa na karo ya shule mbele yangu, na nilidhani ananitafutia pesa ya bia. Nikakataa. Akafunga winchi bila swichi, akaondoka.

Usiku ule wa moto walikuwa wamerudi kutoka Kalima saa moja jioni. Shemeji yangu, ambaye ndiye dereva, alisema walivuta na winchi mara nne njiani. Mvua ilikuwa inanyesha, basi tukaacha bidoni tisa ndani ya gari, nyingi kati yake zikiwa za likelemba yetu. Jipu liliegeshwa mahali pake pa kila siku, pua yake ikigusa karibu ukuta wa chumba cha watoto.

Saa nane usiku niliamshwa na harufu kama ya kandambili inayoungua. Nilidhani ni jikoni. Nilipofungua mlango nikaona moshi unatoka chini ya kapo, na chini ya bampa kitu chekundu kama waya wa pasi. Ufunguo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari chumbani. Hakuna mtu aliyekuwa ameligusa gari lile.

Niliwatoa watoto kwanza, watano, mdogo akiwa bado na usingizi. Binti yangu mkubwa akaja mbio na sufuria ya maji. Jirani yetu, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, alikuwa amesharuka ua. Akamzuia, maana injini yetu inavuja mafuta, na ukimwagia maji mafuta yanayowaka unayatawanya. Akapiga kelele: ufunguo wa kumi! Shemeji akauleta. Hawakuinua kapo juu kabisa. Waliinua kidogo kwa ubao, wakatupia mchanga tuliouweka kwa ajili ya kujenga, na ndimi za moto ziliposhuka mzee akalegeza nati ya waya hasi wa batri akauchomoa. Hapo ule wekundu ukaanza kufa.

Tulipoteza nyaya, batri na rangi ya upande mmoja. Bidoni hazikuguswa. Ukuta wa chumba cha watoto una doa jeusi, ambalo sijalipaka chokaa.

Asubuhi mzee alinionyesha mahali penyewe. Waya mnene wa winchi ulipita juu ya ukingo wa bati karibu na rejeta. Bati lile ni kali kama kisu. Kila shimo la barabara lilikuwa linausugua. Siku ile walipovuta mara nne, waya ulipata joto, mpira wake ukalainika, na bati likamaliza kazi yake polepole hadi shaba ikagusa chuma. Na mwili wote wa gari umeunganishwa na upande hasi wa batri. Kwa hiyo waya chanya ukigusa bati lolote, umeme wote wa batri unakimbia kwa mara moja.

Nikamwuliza kwa nini fyuzi haikukatika. Akacheka kidogo. Taa mbili kubwa za mbele, alisema, zinakunywa kama amperi 10, na fyuzi yake ni ndogo kama ukucha. Winchi ikivuta gari lililozama inaweza kunywa amperi 400. Ndiyo maana nyingi zinafungwa moja kwa moja kwenye batri bila fyuzi yoyote, na bila kupitia kwenye ufunguo wa gari. Umeme unasimama ndani ya waya ule mchana na usiku, gari likiwa njiani au limelala. Hata waya wa stata hauna fyuzi kwa kawaida, lakini ule ulipangwa na kiwanda, ukafungwa mahali pasipo na msuguano. Wa winchi unapangwa na sisi, uani, Jumamosi, tukibishana kuhusu dola 25.

Niliposikia hayo nilikumbuka maneno ya fundi. Yalikuwa yale yale.

Nilikwenda kwake wiki iliyopita. Sikumkuta amenuna, lakini alikuwa amesikia niliyosema kwenye kikao, maana mji wetu ni mdogo. Niliomba msamaha mbele ya mke wake. Hata hivyo nilimwambia pia kwamba kupitisha waya uchi juu ya ukingo wa bati lilikuwa kosa lake, pesa iwepo isiwepo, kwa kuwa kipande cha mpira wa tairi kuukuu hakiuzwi. Alikubali. Akaja kuifunga upya.

Sasa waya unapita mbali na bati na mbali na bomba la moshi, umevalishwa mpira mgumu, umefungwa kila baada ya shibiri moja usicheze. Vichwa vya waya, kule kwenye batri na kule kwenye winchi, vina kofia za mpira. Nati zimekazwa, kwa sababu nati iliyolegea nayo inapika waya. Waya hasi unarudi mpaka kwenye batri yenyewe. Na swichi ipo, nyekundu, karibu kabisa na batri. Dereva anaiwasha akizama tu. Akitoka kwenye tope anaizima. Fundi alinieleza faida nyingine ambayo sikuijua: mara nyingine winchi inang'ang'ania, umeachia kitufe na yenyewe inaendelea kuvuta. Swichi hiyo ndiyo inayoisimamisha.

Shemeji naye amebadilisha mwendo. Anavuta kidogo, kama dakika moja, anaipumzisha hadi ipoe, injini ikiwa inanguruma ili batri isikauke. Abiria wanasimama mbali na kamba ikiwa imekaza. Zamani wamama walikaa juu yake kama kwenye benchi, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Jipu halilali tena karibu na chumba cha watoto. Linalala upande wa choo, na bidoni zinashushwa hata kama mvua inanyesha. Ufunguo wa kumi umefungwa kwa kamba kwenye mlango wa jikoni, na binti yangu mkubwa anajua kwamba waya hasi ndio unaotolewa kwanza. Ukianza na chanya, ufunguo wenyewe ukigusa bati unawasha cheche mkononi mwako.

Kuna jipu mbili nyingine zenye winchi ambazo zinabeba mizigo ya kikundi chetu. Moja nimeiona: waya wake umelala juu ya bati, kama wetu ulivyokuwa. Nimezungumza na mwenye gari na bado anafikiri juu ya bei. Jumamosi, kabla hatujapakia, ninaomba mweka hazina aje nami tufungue kapo zote mbili. Fundi amekubali kuja. Hatadai pesa ya kuangalia, ila tumpe chakula cha mchana.