Tuseme na mabinti zetu mbele ya wengine

Hapa Bukavu sisi wazazi tunajua kuonya: «Usitembee usiku! Ukileta mimba hapa, utatafuta baba mwingine!» Binti anaitika, anainamisha kichwa, maneno yameisha. Ametishwa, lakini hakufundishwa kitu.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya shangazi na nyanya. Leo shangazi amebaki kijijini, baba yuko Kamituga ao Misisi anachimba zahabu, mama anatoka asubuhi mapema kuenda soko la Kadutu. Nani anabaki kumfundisha mtoto? Wenzake wa masomo na telefone.

Binti yangu alipofika miaka 12, nilichagua saa ya kuchambua maharagwe. Mikono ikiwa kazini, macho hayaogopi. Nilimwambia wazi: kila mwezi yai moja linakomaa na tumbo la uzazi linajitayarisha, kama hakuna mimba, matayarisho hayo yanatoka pamoja na damu. Si ugonjwa, si laana. Nilimwonyesha kukunja kitambaa safi, kukifua kwa sabuni na kukianika juani, si kukificha chini ya kitanda kikiwa kingali na maji.

Ndipo akauliza: «Mama, ni kweli mutu hawezi pata mimba mara ya kwanza?» Maneno hayo aliyasikia kwa rafiki zake. Nikajibu: «Anaweza, mama, hata mara ya kwanza, hata kama damu haijazoea kuja kwa mpango.» Kama ningalipiga makelele, angalibaki na uongo wao.

Wengine wanasema mazungumzo haya yanafungua mlango wa dhambi. Lakini Mtume Paulo aliandikia kanisa la Korinto juu ya mwili na ndoa bila kuzungusha. Someni 1 Wakorinto, sura ya 6 na ya 7.

Sisi wa maeneo ya machimbo tuna sababu ingine tena. Penye zahabu feza inakuja haraka, na msichana anaweza kupewa telefone ao viatu asijue atadaiwa nini. Mwezi wa Septemba 2023 aina mpya ya mpox ilionekana Kamituga, nayo ilienea sana kwa njia ya kujamiiana. Kuna pia ukimwi, kaswende na kisonono. Kuyataja kwa majina si matusi.

Tuwaambie pia kwamba sheria iko upande wao. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza ndoa ya mtoto ambaye hajatimiza miaka 18. Na binti akinajisiwa, asinyamaze kwa haya: afike hospitali mbele ya saa 72, juu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinapashwa kuanza ndani ya muda huo. Hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, ilianza mwaka 1999 na inajulikana kwa kazi hiyo. Lakini binti atakukimbilia siku ya taabu kama ulimzoeza kukuambia mambo siku za amani.

Wababa, musituachie mzigo peke yetu. Mwambie binti yako kwamba mwili wake hauuzwi, na kwamba akiwa na shida aje kwako. Na kijana mwanaume afundishwe vilevile.

Kama hujui pa kuanzia, muulize: «Wenzako wanasema nini juu ya mambo haya?» Kisha nyamaza, sikiliza mpaka mwisho.